Seva mbili za barua pepe na ahadi niliyompa mzee

Kabla hajasaini karatasi za manunuzi, mzee aliniuliza swali moja tu: "Kijana, tukizinunua hizi mbili, barua zitakatika tena?" Nikamjibu, "Hazitakatika, mzee." Akasaini. Ilikuwa mwaka 2014, katika chuo cha mkoani ninakotunza mitambo ya barua pepe hadi leo. Jibu lile limenisumbua kwa miaka, kwa sababu nilimwahidi mtu mzima jambo ambalo nilikuwa sijalielewa.

Nilikuwa na machungu yangu. Mwaka uliotangulia, seva yetu ya pekee iliungua madabodi siku ya Alhamisi, msimu wa udahili ukiwa umepamba moto. Kipuri kililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kikafika Jumamosi jioni, tukakuta hakioani na mashine yetu. Cha pili kilifika Jumanne. Siku zote hizo dada zetu wa usajili walipokea majina ya waombaji kwa simu na kuyaandika daftarini, na wahadhiri wakahamia kwenye anwani zao binafsi. Baadhi yao hawakurudi tena kwenye anwani ya chuo. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kwamba seva mbili zinaweza kushika kazi moja, hii ikifa ile inaendelea, hahitaji kubembelezwa.

Tuliijenga klasta, yaani seva mbili zinazoshika kazi moja, kwa programu huria, mimi na mwenzangu aliyenizidi ujuzi. Postfix ilipokea na kupeleka barua, Dovecot ilitunza masanduku, na watu walisomea Roundcube au programu za simu zao. Chini ya hayo yote kulikuwa na DRBD, programu ya kampuni ya Linbit ya Vienna iliyoingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux toleo 2.6.33 mwaka 2010. Kazi yake ni kunakili diski: kila kinachoandikwa kwenye seva ya kwanza kinaandikwa papo hapo na kwenye ya pili, na kwa mpangilio tuliouchagua, maandishi hayahesabiki kuwa yamekamilika mpaka diski zote mbili zikubali. Corosync ilisikiliza mapigo ya moyo ya kila mashine, yaani ishara fupi za kuonyesha kwamba iko hai, Pacemaker ikaamua nani awe kiongozi. Anwani ya IP ya huduma, yaani namba ambayo watumiaji huifikia huduma kwayo mtandaoni, ilikuwa inahama pamoja na uongozi. Aliyeongoza aliibeba, mwingine alisubiri.

Nisiifiche raha yake, maana ilikuwepo. Zamani kusasisha mfumo kulikuwa kazi ya Jumapili saa sita za usiku, nikiwa peke yangu na walinzi. Kwa klasta niliifanya Jumatano saa tano asubuhi: nahamisha huduma kwenda seva ya pili, nasasisha ya kwanza, nairudisha. Kukatika hakukufika hata dakika moja, na simu za watu ziliunganika zenyewe bila mtu kujua. Mwaka uliofuata, katikati ya Ramadhani, pawasaplai ya seva iliyokuwa inaongoza iliungua usiku. Niligundua asubuhi nilipoona taa ya njano. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyelalamika. Nilipomweleza mzee, alinishika mkono na kusema, "Hii ndiyo kazi." Nilitembea siku nzima nikiwa na furaha.

Kisha ikaja siku ya mafahali wawili katika zizi moja.

Seva zile ziliunganishwa kwa kebo yao wenyewe, moja kwa moja, ili zisikilizane bila kupitia popote. Katika kupanga upya kabati la mitambo, kebo ile ilichomolewa, na mawasiliano yakapitishwa kwenye swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha mashine zetu, "kwa muda". Mpangilio mpya wa swichi uliandikwa lakini haukuhifadhiwa. Miezi ikapita. Siku moja mchana umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, swichi ikawaka upya, ikasahau mpangilio ule. Upande wa watumiaji ulifanya kazi vizuri kabisa. Njia ya siri kati ya seva mbili ilikuwa imekufa.

Kila seva ikasikiliza, haikusikia kitu, ikahitimisha kwamba mwenzake amefariki. Zote mbili zikajitangaza kiongozi. Zote mbili zikabeba anwani ileile ya IP. Zote mbili zikapokea barua, kila moja kwenye diski yake, kwa zaidi ya saa nne.

Aliyenigutusha ni mama wa uhasibu. Alikuja mwenyewe, hakupiga simu. "Mwanangu, barua ya benki nimeisoma kwenye simu saa nane, kwenye kompyuta haipo. Nani kaifuta?" Hakuna aliyefuta. Simu yake ilikuwa inafikia seva moja na kompyuta yake inafikia nyingine, kwa kutegemea kifaa kipi cha mtandao kiliisikia seva ipi mara ya mwisho. Nilipofungua skrini na kuona kila mashine inasema "mimi ndiye mkuu", mikono iliniishia nguvu.

DRBD haiwezi kukuamulia katika hali hiyo. Inakutaka uchague mhanga, yaani seva ambayo data zake za tangu mtengano zitatupwa. Kabla ya kuchagua, niliisimamisha seva ya pili, nikaifungua diski yake pembeni, nikaanza kutafuta barua zilizokuwepo huku na kukosekana kule. Kilichoniokoa ni muundo wa Maildir, alioubuni Daniel J. Bernstein kwa ajili ya qmail: kila barua ni faili lake, lenye jina lisilojirudia. Ningekuwa natumia muundo wa zamani wa mbox, ambao sanduku zima ni faili moja refu, sijui ningemwambia nini mama yule. Barua zenyewe nilizipata zote. Vilivyopotea ni vitu vidogo ambavyo watu huvijali sana: alama za kusomwa, barua zilizohamishiwa kwenye mafolda, zilizofutwa zikafufuka. Nilimaliza adhana ya alfajiri ikilia.

Chanzo cha yote hakikuwa swichi, na siku ile niliapa kutomlaumu mtu wa kebo. Pacemaker ina kinga ya hali hii, inaitwa STONITH: seva inayotaka kuchukua uongozi lazima kwanza imzime mwenzake kwa nguvu, kwa kumkatia umeme, ndipo iguse diski. Mfumo hukataa kuanzisha huduma mpaka uipange kinga hiyo au uizime kwa amri. Siku ya kujenga tulikuwa na haraka, na mwongozo tuliokuwa tunaufuata uliandika amri ya kuizima, nasi tukaizima. Mkono ulioandika amri hiyo ni wangu.

Tulirekebisha. Kwanza tukaipanga STONITH kupitia kadi za usimamizi zilizomo ndani ya seva, zinazoweza kuizima seva kutoka mbali. Kisha suala la akidi. Yeyote aliyekaa kwenye vikao anajua kikao bila akidi hakipitishi azimio, na klasta ni hivyohivyo: ili kundi lichukue uamuzi linahitaji zaidi ya nusu ya kura. Seva mbili zikitengana, kila moja ina nusu kamili, na nusu haitoshi. Tukaongeza mashine ndogo ya tatu iwe shahidi wa kupiga kura. Tukarudisha kebo ya moja kwa moja, tukaongeza njia ya pili ya mapigo ya moyo, tukanunua swichi ya pili ili ya kwanza isiwe ndiyo shingo ya kila kitu. Baada ya hapo nilikuwa natunza seva mbili, shahidi, swichi mbili na kadi mbili za usimamizi, kila kimoja na nenosiri lake na masasisho yake, kwa sababu ya barua pepe za watu takribani mia sita. Hapo ndipo nilianza kujiuliza mzigo huu unalinda nini hasa.

Maana kulikuwa na mambo ambayo haukuyalinda kabisa. Msaidizi wa mkuu wa idara mojawapo alifuta folda nzima ya mawasiliano ya wafadhili, akidhani ni nakala. DRBD ilifuta kwenye seva ya pili wakati huohuo, kwa uaminifu wote, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Bakapu yetu ya mwisho, yaani nakala ya akiba inayowekwa pembeni, ilikuwa ya siku tisa nyuma, kwa sababu tangu tuwe na seva mbili tulikuwa tumelegea. Siku tisa za barua za wafadhili hazikurudi. Hili nalisema kwa uzito kuliko mengine: nimekutana na mafundi wengi wanaohesabu seva ya pili kama bakapu, na siku ya kufuta kwa bahati mbaya, au siku mdukuzi akiyafunga mafaili kwa ufunguo wake, seva ya pili itapokea maafa yaleyale ndani ya sekunde.

Jingine lilikuwa la kupeleka barua nje. Klasta ikihama, anwani inayohama hupokea barua zinazoingia, lakini Postfix inapotuma hutumia anwani ya mashine yenyewe usipoielekeza vingine. Seva yetu ya pili ilikuwa na anwani ambayo haikuandikwa kwenye rekodi ya SPF ya chuo, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, wala haikuwa na rekodi ya PTR ya kuitambulisha kwa jina. Kwa siku mbili barua zetu kwa watoa huduma wakubwa zilikataliwa au kutupwa kwenye barua taka, huku ubao wangu wa uangalizi ukionyesha kijani kila mahali. Tiba yake ni mstari mmoja katika mpangilio wa Postfix, smtp_bind_address, pamoja na kuandika anwani zote mbili kwenye rekodi. Ikiwa unajenga leo, fanya hivyo kabla ya jaribio la kwanza la kuhama.

Lakini kilichonibadilisha mawazo si hitilafu ya mashine. Mwenzangu alipata kazi nchi nyingine, akaondoka na nusu ya elimu ya klasta kichwani mwake. Nusu nyingine ilikuwa kwangu. Mwaka 2018 nilifiwa na baba mdogo, nikasafiri kwenda Bukoba. Siku ya pili ya msiba, watu wameketi kwenye majani, simu ikaanza kuita. Klasta ilikuwa imezima seva moja, ikashindwa kuinua huduma kwenye nyingine, na kijana niliyemwachia ofisi alikuwa hana la kufanya. "Shikamoo kaka, pole na msiba. Samahani sana, imeandika 'Timed Out', nibonyeze nini?" Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya migomba, nikamsomea amri herufi kwa herufi kwa muda wa saa moja na nusu, wakati wazee wanapanga mazishi ndani. Shangazi alitoka mara mbili kuniangalia, hakusema neno.

Seva moja ya kawaida ikifa, fundi yeyote wa wastani anaweza kuiangalia na kujua imekufa. Klasta ikiugua inahitaji anayeijua tabia yake. Tulikuwa tumeondoa hatari ya mashine moja, tukaweka hatari ya mtu mmoja mahali pake, na mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi nina baba wadogo, nina homa, nina likizo.

Niliporudi nilikaa na daftari, nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kumjibu mzee: niliandika kila mara barua zilipokatika tangu 2013 na sababu yake. Umeme na joto la chumba baada ya kiyoyozi kuzimika ndiyo vilikuwa juu ya orodha. Ikafuata njia ya intaneti. Halafu makosa yetu wenyewe ya mipangilio, na kati ya hayo mengi yalihusu klasta. Mashine kufa kwa vipuri ilikuwa mara mbili tu: ile ya 2013, na pawasaplai ya Ramadhani. Wauzaji hutuonyesha asilimia. Upatikanaji wa 99.9 ni takribani saa 8 na dakika 45 za kukatika kwa mwaka, na wa 99.99 ni kama dakika 52. Hesabu ni sahihi. Ila jenereta yetu peke yake, ikichelewa kuwashwa mara mbili, ilikuwa imeshakula dakika hizo zote 52.

Na kuna jambo ambalo nilikuwa nalijua kitabuni bila kulipima: barua pepe ni mfumo wenye subira. Itifaki ya SMTP, kanuni za kupelekeana barua pepe, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982 kwenye RFC 821, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, ilizaliwa wakati ambapo mashine ya upande wa pili kuwa imezimwa lilikuwa jambo la kawaida. RFC 5321 ya mwaka 2008 inamtaka mtumaji aliyekuta mlango umefungwa aiweke barua kwenye foleni, ajaribu tena baada ya angalau dakika 30, na asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix yenyewe hushikilia siku 5 usipoibadilisha. Seva yako ikilala saa tatu, barua zinazokuja kwa kawaida hazipotei; ziko kwenye foleni za watu wengine zinakungoja. Kinachokatika ni watu wako kusoma na kutuma.

Nikarudi kwenye maafa yetu ya mwanzo kwa jicho hilo. Kutoka Alhamisi hadi Jumanne ni siku tano. Ndiyo maana baadhi ya barua zilirudishwa kwa watumaji: tulivuka subira ya mfumo. Kama tungekuwa na mashine ya akiba kabatini na bakapu ya jana, tungekuwa tumerudi hewani Alhamisi ileile jioni bila Pacemaker wala STONITH. Nilikuwa nimetibu ugonjwa wa kukosa kipuri kwa dawa ya hospitali kubwa.

Sisemi klasta ni upotevu. Rafiki yangu yuko benki, wanatumia Exchange, programu ya barua pepe ya Microsoft, ambayo tangu toleo la 2010 ina utaratibu wa kundi la seva hadi 16 zenye nakala za masanduku, na wao wana mafundi wa zamu usiku na mchana. Kwake nakala moja imewekwa kwa makusudi ibaki nyuma ya nyingine, kitu kinachoruhusiwa hadi siku 14, ili mtu akiharibu kitu leo nakala ile iwe bado haijaharibika. Pale klasta inalipa. Mtu akikaa dakika 20 bila barua kunakuwa na hasara inayohesabika, na kuna watu watatu wanaoweza kuifungua mashine bila kumpigia mtu aliye msibani. Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mwaka 2019 tuliivunja, kwa sehemu. Mlangoni tuliacha seva mbili za Postfix zinazopokea na kuchuja barua, zote na rekodi za MX, zinazoelekeza barua za chuo ziletwe seva ipi, zenye uzito sawa. Hapo kuwa wawili ni rahisi, kwa sababu mlango hautunzi kitu cha kudumu zaidi ya foleni, kwa hiyo hakuna cha kugombania. Sharti langu moja lilikuwa zote mbili ziwe na vichujio vilevile na orodha ileile ya masanduku yaliyopo. Watumaji wa barua taka wanapenda kulenga mlango wa akiba wakitumaini hauna mlinzi, na mlango usiojua nani yupo ndani hupokea barua za majina hewa, kisha huzirudisha kwa watu wasiohusika.

Masanduku tuliyaweka kwenye seva moja nzuri, diski zake zikiwa jozi. Katika jengo jingine, lenye umeme wa njia nyingine, kuna seva ya pili inayopokea nakala kupitia Dovecot. Haijiamulii chochote. Mtu ndiye anayeihamisha huduma, kwa mkono, akifuata karatasi iliyobandikwa ukutani. Bakapu inatoka kila usiku, na nakala ya wiki inapelekwa nje ya chuo. Pesa za swichi ya tatu zilienda kwenye betri na kiyoyozi cha pili. Uhamisho wenyewe haukwenda bila doa: kwenye masanduku kadhaa nilisahau kunakili mafaili ambamo Dovecot huandika namba za barua, simu za wenyewe zikaona sanduku jipya, zikapakua kila kitu upya. Watu walimaliza bando zao kwa siku moja na walinijia wakiwa wamekasirika, na walikuwa na haki.

Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuchechemea kwa siku kadhaa, hakuna idadi ya seva chumbani kwangu ambayo ingesaidia. Barua za ndani ya chuo ziliendelea kutembea, kwa kuwa seva iko chuoni. Za nje zilichelewa, kisha zikaingia kidogo kidogo kutoka kwenye foleni za dunia.

Mzee alishastaafu. Nilimfuata nyumbani kwake mwaka ule tulipoivunja klasta, nikamweleza kwamba nilimwahidi nisichokuwa na uwezo nacho, na kwamba moja ya seva alizosaini sasa inakaa jengo jingine ikisubiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama sasa kuna mtu mwingine anayeweza kuiwasha.

Yupo. Mwaka jana nikiwa njiani kwenda Dodoma, ndani ya basi, nilipata ujumbe wa fundi wetu mdogo, binti aliyetoka masomoni miaka miwili iliyopita: "Shikamoo kaka. Seva ya masanduku imekufa diski zote mbili saa 4:10. Nimehamisha kwa karatasi, watu wamerudi saa 4:32. Hatua ya sita imekosewa, nimeiandika upya." Kwa sasa tunaangalia tufanye nini na unakili, kwa sababu Dovecot toleo 2.4 limeondoa huduma ile ya kunakili kwa mfululizo, na yeye anajaribu kusawazisha kwa ratiba ya kila dakika chache. Karatasi ya ukutani imefika toleo la saba. Matatu ya mwisho ni mwandiko wake.